Gari la Jattani Halina AM

Deeqa huuza maziwa ya ngamia, na maneno yake huwa mengi kuliko maziwa. Siku hiyo alisema machache tu. Aliingia dukani kwa mke wangu saa sita kasorobo kutafuta dawa ya kupaka kiwele, akaegemea kaunta, akasema, "Sasa nitapata maziwa ya kutosha. Jattani Dima ameniahidi. Ako na ngamia ishirini na sita, na kumi zinakamuliwa."

Mke wangu, Gatwiri, alikuwa akikata katoni kwa kisu. Aliacha.

"Jattani gani?"

"Huyu wako wa kila siku. Si ametoka hapa asubuhi na gari mpya?"

"Jattani ni mtu wa ng'ombe."

"Ng'ombe gani? Ukame ulimaliza zote. Ni miaka tatu sasa. Yeye na ndugu zake walinunua ngamia kidogo kidogo. Hapendi hiyo maneno, anaona aibu. Mborana mzima anafuata ngamia kama sisi Wasomali." Deeqa alicheka peke yake.

Niliyasikia yote kwa sababu duka la Gatwiri na gereji yangu vinatenganishwa na mabati tu. Mimi ni Mwongera, fundi wa umeme wa magari. Kwa miaka miwili Isiolo imenijua kwa jambo moja, kung'oa redio za zamani kwenye dashibodi na kuweka skrini za kugusa. Skrini inacheza nyimbo za simu, inaonyesha nyuma unaporudi, inawaka rangi saba. Wateja wakiuliza habari za AM, niliwaambia AM ni ya wazee wanaosubiri kufa, na niliwaambia kwa sauti ili gereji nzima icheke.

Gatwiri alipozunguka mabati na kuja upande wangu, sikucheka. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Baba Kanana," alisema, "nimemaliza huyu mtu."

Ilibidi anieleze mara mbili. Asubuhi, Jattani alipokuwa akinisubiri nimalize gari lake, alikaa dukani kwa Gatwiri akanunua dawa ya gandi, ule ugonjwa wa nzi unaokondesha mnyama mpaka mbavu zikahesabika. Dawa ya ng'ombe ni chembechembe za njano, unazikoroga kwenye maji na kupiga sindano. Ng'ombe hupona. Ngamia akipigwa kipimo hicho hutetemeka, hutoa mate, huanguka, na mara nyingi haamki. Gatwiri anajua hayo kuliko jina lake. Hajawahi kumuuzia mtu dawa hiyo bila kuuliza ni ya mnyama gani. Lakini Jattani amenunua kwake dawa za ng'ombe kwa miaka tisa, siku hizi za minyoo na kupe tu ambazo hata ngamia hazimdhuru, na kumuuliza Mborana kama ana ng'ombe ni sawa na kumuuliza Mmeru kama ana shamba. Hakuuliza. Na Jattani, kwa aibu yake, hakusema.

"Amebeba ya wanyama wote," Gatwiri alisema. "Alisema wamefungiwa bomani tangu asubuhi wanamsubiri. Akifika tu, anaanza."

"Mpigie."

"Nimepiga mara kumi na moja."

Kambi ya Jattani iko mbele ya Malkadaka, upande wa Sericho, ambako simu ni ya kuwasha tochi tu. Alikuwa ameondoka saa nne. Wale ngamia ishirini na sita walikuwa mali ya nyumba tatu, yake na za ndugu zake wawili. Hawakuwa na kitu kingine chochote kinachotembea kwa miguu. Wakianguka jioni hiyo, watu kumi na tisa wangelala bila maziwa na kuamka bila kazi.

"Twende kwa Asli," Gatwiri alisema. Alikuwa tayari anafunga duka.

Asli ni mtangazaji wa kile kituo kidogo cha AM kilicho Chechelesi, chenye mlingoti mrefu uani na jenereta inayokohoa. Kila siku saa saba mchana anasoma matangazo, kwa Kiswahili kisha kwa Kiborana: nani amefariki, ngamia wa nani amepotea na ana alama gani, mto umefurika wapi, kisima kipi kimeharibika. FM za mjini hufa ukishapita vilima vya kwanza. Sauti ya Asli hufika Sericho na kupita. Na kuna desturi juu yake ambayo hakuna aliyeiandika. Tangazo hilo ni dhaamsa, ujumbe wa mtu, na ukishausikia umeubeba. Dereva akisikia jina la mtu anayekaa njiani kwake, anasimama, anamtafuta, anamwambia. Asiyefanya hivyo watu humkumbuka.

Tuliingia kwenye Probox yangu. Gatwiri alikuwa ameanza kupumua vizuri.

"Jattani hawezi kumkosa Asli," alisema. "Saa saba atakuwa bado njiani, redio iko wazi. Atasikia jina lake, atasimama hapo hapo."

Niliangalia mbele nikaendesha. Nilijua jambo ambalo yeye hakulijua, na niliona haya kusema.

Gari la Jattani lilitoka Japani. Ni pikapu nyeupe, imetumika lakini safi, aliyoichukua wiki iliyopita. Magari ya huko huja na redio ambayo FM yake inaishia tisini, kwa hiyo vituo vyetu vingi haivikamati. AM yake ilikuwa nzima. Wanawe walitaka nyimbo, na yeye alitaka kuwafurahisha, akaja kwangu. Nilikuwa na skrini moja tu rafuni, ya FM pekee. Yenye AM ningeiagiza Nairobi, ije baada ya siku tatu, na Jattani alikuwa na haraka, na mimi sikupenda kuona kazi ikitoka mlangoni. Aliniuliza akiwa amesimama pale pale mlangoni mwa gari, "Fundi, hii itashika Asli?" Nikasema itashika. Akanieleza kwamba huko kambini redio ndogo iliharibika, kwamba jioni hufungua mlango wa gari na watu wote hukaa chini kusikiliza. Kisha akauliza tena, "Una uhakika?" Nikamjibu, "Mzee, hiyo kitu inashika mpaka Marekani." Vijana wa gereji walicheka. Yeye alitabasamu kwa adabu, akanishukuru.

Huo ndio uongo wenyewe. Haukuwa na kona wala maelezo.

Tulifika Chechelesi saa saba kasoro dakika saba. Asli alikuwa amevaa vile visikilizio vyake shingoni, anapanga karatasi. Ni mwanamke wa makamo, mwembamba, na ukimwona huwezi kuamini kwamba sauti ile nzito ni yake. Gatwiri alimweleza yote kwa pumzi moja. Asli aliandika jina, mahali, rangi ya gari.

"Nitaanza na yeye," alisema. "Jattani ni msikilizaji wangu. Usiogope, mama."

"Hatasikia," nilisema.

Wote wawili waliniangalia.

"Gari lake halina AM. Niliitoa leo asubuhi."

Gatwiri alisema polepole, "Lakini alikuuliza. Nilimsikia akikuuliza kupitia mabati. Ulisema inashika."

"Nilisema."

Nimeoana na Gatwiri miaka kumi na minne. Amenigombeza kwa mambo mengi, na mengi nilistahili. Wakati ule hakunigombeza. Alinitazama tu, kisha akageuka akamwambia Asli, kama vile mimi nimetoka chumbani, "Sasa tufanye nini?" Hilo liliniuma kuliko kofi.

Asli aliangalia saa ukutani. Dakika tano. "Tunatafuta atakayemfikia," alisema. "Nani yuko kwenye ile barabara leo? Fundi, wewe unajua magari."

Nilijua magari. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli kweli. Nilianza kuyataja na kila nililotaja nilikuwa nimelishika kwa mikono yangu. Lori la Liban linalobeba mbuzi kutoka Modogashe lilipata skrini mwezi wa tatu. Lile la miraa la Kirigia, skrini, na spika mbili juu. Land Cruiser mbili za abiria wa Sericho niliziwekea kwa bei ya jumla na nikajisifu mwezi mzima. Pikapu ya mwalimu wa Gafarsa, skrini. Magari ya kukodisha, skrini. Nilikuwa nimeiziba masikio barabara nzima, gari moja moja, na nilikuwa nimelipwa.

"Molu," nilisema mwishowe. "Molu wa bowser. Alikataa."

Molu hupeleka maji kwenye visima vilivyokauka kwa lori kuukuu la tangi. Mwaka jana nilimfuata mpaka kwenye kituo cha mafuta nikimshawishi. Aliniambia, "Fundi, mimi sina haja ya picha, barabara naiona." Nilimwita mshamba mbele ya watu.

"Bowser iko wapi leo?" Asli aliuliza.

"Sijui. Inaweza kuwa Malkadaka. Inaweza kuwa iko hapa mjini imelala."

Taa nyekundu iliwaka. Asli alivaa visikilizio, akatuashiria tukae kimya, akaanza bila salamu zake ndefu za kila siku.

"Salaam aleikum. Leo naanza na dhaamsa ya haraka. Ni ya Jattani Dima, wa kambi ya mbele ya Malkadaka. Jattani mwenyewe hanisikii, kwa sababu gari lake sasa halina AM. Kwa hivyo wewe unayenisikia ndiye umebeba. Ukiona pikapu nyeupe, mpya, isimamishe. Mwambie Jattani dawa aliyobeba ni ya ng'ombe. Ngamia asipigwe hata mmoja. Kama uko na lori, geuza. Kama uko na pikipiki, washa. Kama uko na miguu, mwambie mwenye gari. Molu wa bowser, kama unasikia, hii ni yako kwanza."

Akairudia kwa Kiborana, na hata mimi nisiyejua Kiborana vizuri nilisikia mahali aliposema AM.

Gatwiri alinigusa mkono. "Enda," alisema.

"Yuko mbele saa tatu nzima."

"Ndiyo, enda. Mimi nabaki hapa, Asli atairudia kila nusu saa. Na ukimpata, mwambie hakuna sindano ya kuondoa ile dawa. Kivuli na maji tu. Na nyama yao isiliwe."

Niliondoka saa saba na robo.

Sijui kama umewahi kuendesha ukijua kwamba angani kuna maneno yanayokuhusu na wewe huyasikii. Probox yangu nayo ina skrini, tena kubwa kuliko zote, maana ndiyo ilikuwa tangazo langu la biashara. Niliigusa kwa ujinga tu, nikatafuta, nikasikia sauti ya kukaanga mafuta. Asli alikuwa akisema nini? Molu alijibu? Mtu amepiga simu kituoni? Mpaka Kulamawe simu yangu ilikuwa na alama moja ya mtandao, nikampigia Gatwiri, akasema, "Bado," akakata.

Pale Kulamawe nilisimama kwa mama wa chai kwa sababu nilimwona na redio ndogo juu ya meza, imefungwa kwa mpira. Kabla sijamaliza salamu aliniambia, "Ukiona pikapu nyeupe, simamisha. Ya Jattani Dima." Nikamwambia najua. Akauliza nimejuaje na gari langu lina televisheni. Niliingia garini, nikaendelea.

Baada ya hapo walianza kunisimamisha. Kwanza mwanaume na kondoo wake, amenyoosha fimbo katikati ya barabara. Halafu vijana wawili wa pikipiki. Halafu mwanamke na punda watatu wenye mitungi. Wote walikuwa na ujumbe ule ule, na wengine hawakuwa na redio kabisa, walikuwa wameupata kwa mdomo wa mtu aliyeupata kwa mdomo wa mwingine. Kwenye barabara ile humpiti mtu aliyeinua mkono. Na husemi jambo kabla ya salamu. Yule mwanamke wa punda aliniuliza nagaa, amani? Nikasema nagaa. Watoto? Nagaa. Mifugo? Mvua kwenu? Nilikuwa nakanyaga mafuta na gia imetoka, injini inalia, na yeye anauliza mvua.

"Mama, nina haraka."

"Hata mimi niko na haraka. Niko na dhaamsa." Akaitoa yote, neno kwa neno, vizuri kabisa. Kisha akaongeza yake. "Wanasema ni fundi mmoja wa mjini ametoa hiyo AM. Akamwambia mzee iko. Wewe ni wa mjini, unamjua?"

"Namjua."

"Mwambie alifanya vibaya."

"Nitamwambia," nilisema. Niliingiza gia, na nilikuwa na hasira. Namhasirikia nani? Yule mama? Alikuwa amesimama juani kwa ajili ya ngamia wa mtu asiyemjua. Nilijihasirikia mwenyewe mpaka Garbatulla.

Garbatulla niliingia saa tisa na dakika kumi. Kwenye kituo cha mafuta walikuwa wanajua yote. Jattani alipita hapo, akanunua unga, akaswali dhuhuri, akaondoka. Mtu wa pampu alinionyesha kwa kidole mahali gari liliposimama, kwenye kivuli chembamba cha ukuta. "Alikuwa amefungua mlango, anapapasa hiyo skrini yake," alisema. "Aliniuliza kama najua namna ya kuwasha Asli. Nilimwambia sijui hizi vitu za kisasa. Akaondoka. Dakika tano hivi, jirani akaja na redio mkononi, anakimbia. Tulipiga kelele. Alikuwa ameshapita kona."

Dakika tano. Alikuwa akimtafuta Asli wakati Asli anamtaja.

"Mlituma pikipiki?"

"Tulituma. Imepasuka gurudumu hapo mbele, tumesikia."

"Na Molu?"

"Molu alikuwa Malkadaka tangu asubuhi. Kama alisikia, hatujui."

Kutoka hapo barabara ni mchanga na mawe, na Probox si gari la kule. Tumbo la gari liligonga mawe mara tatu. Kwenye korongo moja nilizama mpaka kwenye ekseli, nikatoka nikachimba kwa mikono na sahani ya gurudumu, jua limenikalia mgongoni. Nilikuwa nikiongea peke yangu. Nilimwomba Mungu kwa sauti, mimi ambaye Jumapili husinzia kanisani. Niliomba Jattani akute gurudumu limepasuka. Niliomba alale kidogo, anywe chai, abishane na mkewe, achelewe kwa lolote. Wachungaji wawili walitokea vichakani wakanisukuma bila kuniuliza. Gari lilipotoka, mmoja alianza kuniambia habari za pikapu nyeupe.

Malkadaka sikuona bowser. Niliona mahali lilipokuwa, matope yaliyovurugwa na mpira wa kumwagia maji ukiwa umelala chini, umeachwa. Hakuna dereva wa maji anayeacha mpira wake. Niliutazama, nikahisi kitu kama tumaini, nikafuata alama za magurudumu mapana.

Nilifika kambini saa kumi na moja kasoro.

Bowser lilikuwa limesimama mbele ya boma la miiba, milango yote miwili wazi, maji yakivuja kwenye tangi. Nyuma yake ilikuwa pikapu nyeupe. Bomani niliona shingo nyingi zimesimama, nikaanza kuzihesabu kabla sijazima gari. Nilihesabu ishirini na mbili. Nikahesabu tena.

Wanne walikuwa nje. Mmoja alikuwa amelala ubavu, shingo imenyooka mchangani, mate yanamtoka, miguu inapiga hewa. Mwingine alikuwa amepiga magoti na kichwa kinamtikisika. Wawili walikuwa wamesimama wanatetemeka mapaja. Awo, mke wa Jattani, alikuwa akimmwagia maji yule aliyelala, kikombe kwa kikombe, bila kuacha. Ndugu wawili walikuwa wameshika turubai kumkinga jua. Hakuna aliyenisalimia.

Molu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori lake, shati limelowa jasho. "Nilisikia saa saba," aliniambia, sauti ya chini. "Nilikuwa nachota. Niliacha kila kitu. Lakini hii lori ikiwa na maji, mwendo wa hamsini ndiyo mwisho, na kumwaga ilichukua muda, akanipita sijamwona. Nilimkuta na sindano kwa wa tano. Nilipiga honi kutoka kule, wakafikiri nimeleta maji."

Nilimwendea Jattani. Alikuwa amepiga magoti, kichwa cha yule ngamia kwenye mapaja yake. Nilisema maneno ya Gatwiri, kwamba hakuna sindano ya kuondoa, kwamba ni kivuli na maji. Alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Hakuniangalia.

Yule ngamia alikuwa wa kwanza kununuliwa baada ya ukame, Awo aliniambia baadaye. Alikuwa anakamuliwa kwa nyumba zote tatu. Jattani alianza na yeye kwa sababu ndiye alikuwa na thamani zaidi, alitaka apone kwanza.

Jua lilipokuwa linashuka, pumzi yake ilianza kukatika. Mmoja wa ndugu alichomoa kisu. Kwa dini yao, mnyama akichinjwa kabla hajafa, nyama ni halali, na familia iliyopoteza mali haipotezi chakula pia. Watoto walisogea. Aliinama, akataja jina la Mungu, na mimi ilibidi niseme.

"Haifai. Nyama ina dawa. Isiliwe na mtu, wala mbwa."

Alibaki ameinama na kisu mkononi. Alimwangalia kaka yake. Jattani alisema neno moja kwa Kiborana, na kisu kikarudi kwenye ala. Ngamia alikufa hivyo, mbele ya watu wenye njaa, akiwa mzoga. Sijawahi kusema jambo gumu kuliko lile, na lile lilikuwa kweli.

Walimfunika kwa turubai. Awo aliingia bomani akakamua, na mtu wa kwanza aliyepewa kikombe alikuwa Molu, wa pili mimi, maana anayefika kambini hupewa. Nilikunywa nikiwa nimesimama. Nikamrudishia Awo kikombe kikiwa kitupu.

Jattani alinawa mikono, akaja. Ni mtu mrefu, na anaongea polepole hata akiwa na furaha.

"Mama Kanana analia?" aliuliza.

"Hajalia. Yuko redioni tangu saa saba. Anaomba msamaha."

"Mwambie mimi nilimficha. Kama ningesema niko na ngamia, angenipa ya ngamia. Mimi niliona aibu, yeye hakuuliza. Hiyo ni kosa yangu na yake, tunagawana."

"Mzee, nitakuletea redio ingine. Iko na AM. Nitaweka bure, hata kesho."

Alifikiria. Nilidhani anafikiria redio.

"Wewe nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza mara mbili. Mtu akiniambia hajui, sina shida, nitauliza mwingine. Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Mwambie mke wako nitakuja Jumatatu kuchukua dawa ya ngamia. Lakini wewe, nikija, usinisalimie."

Alisema bila hasira. Kisha akarudi kwa wale watatu waliobaki, akakaa chini kati yao.

Wa pili alikufa alfajiri. Wawili walipona. Jumatatu Jattani alikuja kwa miguu kutoka kwenye kituo cha magari, maana pikapu aliiacha kambini. Nilimsikia akiingia kwa Gatwiri. Waliulizana habari za watoto, za mvua, za mifugo, za yule aliyezaa na yule aliyelala, salamu ndefu isiyoisha, na Gatwiri akamuuliza mara tatu dawa ni ya mnyama gani. Mimi nilikuwa nimelala chini ya dashibodi ya gari la mtu, tochi mdomoni. Nilisubiri mpaka akaondoka.